Pato la Kwanza la Ulaayu

Nuvalinga alikuwa na donge moja lililokataa kushuka kooni, nalo ni hili: Ulaayu, binti aliyemkata kitovu kwa mkono wake, hakuwahi kumletea kitu. Si samaki, si bata, si kome. Mtoto amekua, amesoma, amepanda ndege kwenda kusini na kurudi mpaka marubani wanamjua kwa jina, na bado pato lake la kwanza halijafika mlangoni kwa sanaji wake.

Kuhusu pato la kwanza, hapa kwenye ghuba yetu ya barafu, kaskazini kabisa, hakuna mjadala. Aliyekupokea siku unazaliwa, akakukata kitovu na kukuvika nguo ya kwanza, ndiye sanaji wako, na kitu cha kwanza utakachokitoa porini au baharini ni chake chote. Hubakishi hata ukucha. Yeye akikipokea hupiga ukelele, hugaagaa sakafuni kama mtoto, analia na kucheka kwa pamoja, na watu waliojaa nyumbani humnyang'anya mpaka kila mmoja apate kipande. Hapo ndipo unahesabiwa mtu. Usipoleta, utaishi, nani kakukataza? Ila wewe na sanaji wako mtabaki na deni ambalo hakuna wa kuwalipia.

Maata, jirani wa mlango wa pili, alikuwa amekata vitovu vya nusu ya kijiji. Kila msimu kuna mtoto anabisha hodi kwake, huyu na bata, yule na samaki. "Mimi koo langu limechakaa kwa vigelegele," alikuwa akisema dukani, baada ya kuhakikisha Nuvalinga yuko karibu. "Wewe mwenzangu sauti yako umeitunza vizuri. Nenda kaimbe kwaya."

Nuvalinga yeye alikata kitovu kimoja tu maishani. Dhoruba ilikuwa imefunga uwanja wa ndege, muuguzi amekwama kijiji cha mbali, mama wa watu anajifungua, na Nuvalinga ndiye aliyekuwa karibu. Akakata, akafunga, akamvika mtoto kofia, kisha akamnenea maneno, maana sanaji lazima amnenee mtoto. "Macho yako yaone kilichojificha," akamwambia. Alikuwa anafikiria matundu ya kupumulia ya sili chini ya theluji, na sindano zinazoanguka sakafuni.

Macho mtoto alipata. Ila na kifua kibovu alipata pia, na kabla hajajua hata kufunga ndoana, mama yake alimhamishia kusini karibu na hospitali. Akawa anakuja wakati wa kiangazi tu. Ukimpeleka kuvua, samaki wanamkwepa. Ukimpeleka kuchuma matunda, anarudi ndoo tupu na magoti yamelowa, ati alikuwa amelala kifudifudi anatazama maua.

Mara moja tu, alipokuwa bado na meno ya utoto, Ulaayu alishuka mlimani mbio, viganja vimejaa kuvumwani, ile mimea ya kijivu inayoota juu ya mawe. "Nimekuletea," akasema. Nuvalinga akaangua kicheko. "Mwanangu, hiki ni chakula cha kulungu. Mimi nina pembe?" Akakitupa nje. Waliokuwepo wakacheka, mtoto naye akacheka, mambo yakaisha. Nuvalinga hakulifikiria tena jambo hilo.

Sasa ni Aprili, na Ulaayu alikuwa amerudi, mwanamke mzima, na sanduku lililojaa vichupa vitupu. Baada ya hapo angekwenda kufanya kazi kwenye meli upande wa pili wa dunia, kwenye barafu ya kusini kabisa, miaka na miaka. Nuvalinga alipoambiwa habari hiyo alimpongeza, akamkatia mkate, kisha akaingia chumbani akakaa kitandani peke yake. Alijitazama mikono. Hii si mikono ya kungoja miaka na miaka. Kama si majira haya, basi.

"Safari hii umekuja kutafuta nini?" akamwuliza aliporudi mezani.

"Dari ya barafu, bibi. Ule ukahawia wa chini."

"Ule uchafu?"

"Si uchafu. Ni mimea."

"Nimetambaa chini ya hiyo barafu tangu kabla mama yako hajazaliwa, sijaona jani."

"Huwezi kuona jani. Ni midogo, jicho halifiki. Chuoni tunaiita diatomu. Kila mmoja una kijumba chake cha kioo."

"Kioo," Nuvalinga akasema, akimimina chai. "Haya." Lakini moyoni lilikuwa limeshamwangukia wazo, na lilikuwa wazo zuri. Dari ya barafu iko wapi? Chini ya barafu. Na chini ya barafu kuna nini? Kome. Mgaagaa na upwa hakosi kitu. "Kesho ni bamvua," akasema. "Maji yatakupwa mpaka mwisho. Nitakupeleka mwenyewe. Ila utabeba ndoo."

"Ndoo ya nini?"

"Mtu haingii chini ya barafu bila ndoo. Ni adabu."

Asubuhi, Jusipi, shemeji yake Nuvalinga, aliwapeleka kwa pikipiki ya theluji, wao wawili nyuma kwenye tela. Pale ufukweni barafu ilikuwa imelala juu ya mawe, imepasukapasuka kwa kupanda na kushuka na maji. Jusipi alichimba shimo kwa mtaimbo huku analalamika kiuno. Mtaimbo ulipozama bila kugusa maji, akachungulia.

"Bahari imetoka, nyumba iko wazi," akasema. "Mimi nakaa hapa nasikiliza. Nikiita, mtoke. Si mpaka mmalize maneno yenu, shemeji, nakujua. Mtoke."

"Wewe usilale tu," Nuvalinga akamjibu, akateremka.

Chini kulikuwa na joto kuliko juu, na harufu ya mwani iliyomfanya Nuvalinga ajisikie amefika kwake. Barafu ilikuwa dari, mawe yenye maji ndiyo sakafu, na mwanga uliopenya juu ulikuwa wa kijani kibichi. Alivunja kipande cha mwani mpana akakitafuna huku anatambaa. Kome walikuwa wamejaa, weusi, wanene, wamebana kwenye mawe makundi makundi. Ndoo yake ilianza kugonga kwa mlio aliokuwa akiupenda tangu utoto. Kila kome alimnyonyoa ndevu, zile nyuzi anazojishikiza nazo kwenye jiwe, palepale kabla ya kumtia ndooni. Mama yake alimfundisha hivyo, na hakuna mwingine kijijini mwenye subira ya kufanya upuuzi huo chini ya barafu.

"Umejaza mpaka wapi?" akauliza bila kugeuka.

Akageuka. Ulaayu alikuwa amelala chali juu ya mawe yaliyolowa, taa ya kichwani inamulika dari, uso umekunjuka kwa furaha. Dari nzima juu yake ilikuwa ya rangi ya chai ya rangi, mahali pengine nzito kama mashapo ya kahawa. Anakwangua kwa kijiko, taratibu, anatia kwenye kichupa.

"Njoo unishikie taa, bibi. Tazama. Mwanga kidogo tu unaopita kwenye theluji, na wao unawatosha. Wameota hapa juu chini, kama shamba lililogeuzwa."

"Nimeona. Na kome wameota hapa chini juu, ndiko ndoo iliko."

"Kome anakula hawa, unajua? Barafu ikiyeyuka wanashuka kama vumbi, kome anakaa tu mdomo wazi. Na vidudu vya majini vinawala, samaki anakula vidudu, sili anakula samaki."

"Na sili tunamla sisi. Hilo la mwisho hukuhitaji chuo kuniambia. Jaza ndoo, mwanangu."

"Sasa hivi. Hiki kimoja tu."

Nani asiyejua "hiki kimoja tu" ya mtu mwenye mapenzi na kitu? Nuvalinga akashika taa. Akashika mpaka mkono ukafa ganzi, na binti anakwangua, anapiga kelele ndogo za raha kila akifika mahali penye rangi nzito. Mara barafu ikalia juu yao, mlio mrefu wa kunung'unika, na mbali gizani maji yakaanza kubwabwaja kwenye mawe.

"Shemeji," Jusipi akaita kutoka shimoni. "Maji yanageuka. Nimesema mtoke."

Ulaayu akakusanya vichupa vyake kifuani haraka haraka, anavifunga vifuniko, mgongo amempa sanaji wake. Ndoo yake ilikuwa pale kando. Ndani mna kijiko basi. Nuvalinga aliitazama ndoo ile, na miaka yote ikampanda kichwani: Maata dukani, meli ya kusini, mikono yake inayozeeka. Hakufikiri. Aliinua ndoo yake akamimina nusu kwenye ile ya binti.

Walipotoka juani, Jusipi aliona ndoo mbili za kome. Akamtazama Ulaayu, akamtazama shemeji yake, na uso wake mzee ukafunguka wote. "Ulaayu? Hata wewe? Lo, leo." Kabla hajajibiwa, alikuwa ameshatoa simu yake ya upepo na kuwaita jamaa wa redio ya kijiji. Jusipi kwa redio humwezi, mtu anatangaza hata akipoteza glovu.

Ulaayu alitazama ndoo. Kisha akamtazama Nuvalinga. "Bibi," akaanza.

"Panda kwenye tela. Upepo huo, na kifua chako."

Njia nzima Nuvalinga aliishikilia ndoo ya binti isimwagike. Furaha aliyoitarajia haikuja. Ilikuja aibu badala yake, ikakaa naye kwenye tela begani kwa bega.

Walipofika, viatu vilikuwa vimejaa mlangoni. Redio ilikuwa imeshasema, na redio ikisema nyumba zote zimesikia. Mtu ametandaza makasha ya karatasi yaliyofunguliwa sakafuni, kama yanavyotandazwa siku ya mlo wa pamoja. Watoto wamepanda viti. Maata amekaa mbele kabisa, mikono imefungwa kifuani, kama hakimu.

Ulaayu akaiweka ndoo katikati ya makasha. Watu wakasogea. Sasa ilikuwa zamu ya ule ukelele.

Nuvalinga akapiga magoti mbele ya ndoo. Kome walikuwa wazuri. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na ndevu. Alifungua kinywa, akavuta pumzi, na ukelele alioutunza tangu usiku ule wa dhoruba ukagoma. Alijaribu tena. Wapi. Akafunga kinywa.

"Hawa ni wangu," akasema. "Nimemtilia mimi. Yeye hakuokota hata mmoja."

Wa kwanza kusema alikuwa Maata. "Nani hajui? Kome walionyolewa ndevu ni wa nani hapa kijijini? Nilikuwa nangoja tu nione kama utapiga ukelele wa uongo mbele yangu. Ungepiga, nisingesema nawe mpaka Krismasi." Lakini sauti yake haikuwa na ukali.

"Na mimi nimekwisha kusema redioni," Jusipi akalalamika. "Sasa nitaitwa mwongo."

Watu wakacheka, Nuvalinga hakucheka. Alikuwa bado amepiga magoti, anatamani angekuwa kwenye sakafu ya jirani. Ndipo Ulaayu akaja akachuchumaa mbele yake.

"Bibi, kitu nilichotoa mimi nimekitoa. Ninacho. Ila niliogopa kukupa."

"Kuogopa nini?"

"Mara ya kwanza nilikuletea kuvumwani. Ukaniuliza kama una pembe."

Alilisema kwa kutabasamu, lakini macho yake hayakutabasamu, na Nuvalinga likamchoma mahali ambapo hakuwahi kujua pana kidonda. Alimkumbuka yule mtoto na viganja vyake. Alikumbuka mlango ulivyofunguka, na ile mimea ya kijivu ilivyopeperuka. Kumbe miaka yote hii alikuwa anangoja kitu alichokwisha kukitupa mwenyewe.

"Ulicheka nasi," akasema polepole.

"Nilicheka. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikaiokota yote."

Nuvalinga akanyoosha mikono yote miwili, viganja juu. "Nipe."

Ulaayu akafungua koti lake, akatoa vichupa kimoja kimoja, vyote vya kahawia, akavipanga juu ya kasha. Alipoweka cha mwisho, mkono wake ulichelewa kidogo kukiachia.

"Hiki kitu hakiliwi," Maata akasema.

"Wewe nyamaza. Kitovu ulikata wewe?" Nuvalinga hakumtazama hata kidogo. Alikuwa anamtazama binti. "Umetoa kwa mkono wako?"

"Ulinishikia taa mwenyewe."

"Umetia zile dawa zenu za kuhifadhia?"

"Hutiwa jioni. Bado."

"Umebakisha?"

"Sijabakisha."

"Na kazi iliyokuleta huku?"

Ulaayu akavitazama vichupa. Kila mtu mle ndani alijua kwamba bamvua limefika kileleni leo, kwamba maji ya kesho yatatoka kidogo tu, na bamvua lijalo litakuta barafu imeoza. "Pato la kwanza halibakishwi, bibi," akasema. "Hata mimi najua. Ni lako."

Nuvalinga akafungua kichupa, akakinywa chote.

Kilikuwa baridi, cha chumvi, na chenga laini zilizobaki ulimini. Halafu ladha ikaja, na alikuwa anaijua. Ilikuwa ladha ya mwisho kabisa ya kome, ile inayobaki ukishameza. Ilikuwa kwenye mafuta ya sili, mbali sana. Ilikuwa kwenye supu ya samaki aliyonyweshwa na mama yake akiwa mgonjwa. Alikuwa ameila maisha yake yote, na leo ndiyo mara ya kwanza mtu anampa yenyewe, bila ganda wala mfupa. Macho yako yaone kilichojificha, alimnenea. Basi yalikuwa yameona.

Ukelele ukatoka. Ulitoka mpaka mbwa wa nje wakauitikia. Nuvalinga akajitupa juu ya makasha, akagaagaa, kitambaa kikamvuka kichwani, analia na kucheka, amemkumbatia binti miguu mpaka naye akaanguka. Na watu nao, ambao dakika ile walikuwa wanakunja pua, wakavirukia vichupa. Wakachovya vidole, wakanyang'anyana, watoto wakawa na masharubu ya kahawia. Jusipi alikung'uta kichupa kitupu kinywani, akasema, "Kimepungukiwa na chai tu." Maata alipata kile kizito kuliko vyote, akakificha mkononi mwa sweta, akakilamba kwenye kona alikodhani haonekani.

"Hakiliwi, enh?" Nuvalinga akamwambia kutoka sakafuni.

"Naonja tu," Maata akajibu. "Nisije nikakusifia kitu nisichokijua."

Kome nao wakaliwa, sanaji mwenyewe akawagawa. Ulaayu alikula kwa furaha, watu wote wakimpiga mgongo na kumwita mwindaji. Ila kila baada ya muda alivitazama vile vichupa vitupu, na Nuvalinga alimwona.

Asubuhi Ulaayu aliamka akakuta vichupa vyake vyote vimechemshwa na kupangwa juu ya kitambaa safi karibu na jiko, na sanaji wake amekwisha kuvaa mabuti.

"Maji ya leo ni mafupi, bibi. Hatutapata nafasi ya kutosha."

"Mtu mmoja hapati. Wawili tutapata. Vaa."

Jusipi alichimba shimo, safari hii bila kulalamika, akawaapia kwamba akiita mara moja hataita ya pili. Chini maji yalikuwa bado yanacheza kwenye mashimo ya mawe. Wakalala chali kwa pamoja, bega kwa bega, Ulaayu na kijiko chake, Nuvalinga na kile kisu chake cha umbo la mwezi mwandamo anachokatia ngozi za sili. Shingo ilimuuma. Maji ya kahawia yalimchuruzika mkononi mpaka kwapani. Kando ya shavu lake kome wanene walikuwa wamejazana, wanang'aa, wengine hata kunyoosha mkono kulikuwa hakuna haja. Akawapita.

"Hapo pana rangi nzito zaidi, kushoto kwako," akasema.

"Uliona vipi bila taa?"

"Macho ya kuona kilichojificha alikunenea nani? Kwangua."

Jusipi akaita. Wakatoka palepale, kitu ambacho hakijawahi kutokea. Akapokea ndoo ya shemeji yake, akachungulia ndani, akaitikisa kidogo, akachungulia tena.

"Shemeji, mbona hamna kome?"

"Leo nilikuwa na kazi," Nuvalinga akasema, akapanda kwenye tela, akavipakata vichupa vilivyojaa, akamwambia aendeshe polepole.